Tairi Nene Nilizozifuata Kariakoo

Sababu ya safari yangu ilikuwa mguu wa mama mkwe wangu. Naanza na mguu huo kwa sababu wengi hapa kijijini mmesikia kwamba mwaka ule nilikwenda Dar es Salaam kutembea, na mimi sikuwahi kuwasahihisha. Sikwenda kutembea. Nilikwenda kutafuta tairi za baiskeli za kupitia topeni, nikazipata, na namna nilivyozichagua ndiyo habari ambayo mpaka leo nikiikumbuka peke yangu shambani nasimama na jembe mkononi.

Mnajua kuwa mimi ndiye dresa wa dispensari yetu, mwenye kufunga vidonda na kugawa dawa. Bi Mwanaidi, mama yake mke wangu Zena, alichomwa na kijiti mguuni wakati wa kusafisha shamba, pakawa donda. Kwetu mtu hamtazami mkwewe miguu, sembuse kuishika. Basi nilikuwa nikisimama nje ya mlango na chupa ya dawa, Zena yumo ndani anaosha, ananieleza kwa sauti: leo pana usaha, leo pamekauka kidogo, leo pananuka. Nilitibu kwa masikio. Siku Zena aliposema kidole kimoja kimeanza kuwa cheusi, nilijua dawa zangu zimefika mwisho. Mguu ule ulitaka hospitali kubwa ya mjini, tena upesi.

Nikasema nitatafuta wanaume wanne wa machela. Bi Mwanaidi akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia mimi nje, "Mume wangu alitoka humu ndani kwa machela, hakurudi. Mimi nitakwenda kwa baiskeli au sitakwenda." Akaongeza kuwa atakaa kwenye keria, atashika kiti, na mimi nitasukuma nikitazama mbele. Hapo mkwe na mkwewe watakuwa hawajagusana.

Baiskeli ninayo, ila tairi zake zilikuwa zimekwisha kiasi kwamba ya nyuma nilikuwa nimeijaza majani makavu. Kutoka hapa mpaka stesheni ya Soga pana ile mbuga ya udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha, na masika yalikuwa mlangoni. Zena alikuwa ndani ya arobaini ya mtoto wetu wa pili, hawezi kutoka. Kwa hiyo kazi yote ilinidondokea mimi, na nakiri kuwa ilinipendeza. Nilijiona mtu muhimu sana.

Siku ya kwanza, alfajiri, nilitoka nikiisukuma baiskeli. Mbuga ilikuwa kavu, imepasuka mianya ya kuingiza mguu. Nilipita upesi nikiwa napiga mluzi, bila kufikiri kwamba udongo ule ndio ulionitoa nyumbani. Stesheni nilifika jua likiwa limepanda. Baiskeli ikaingia kwenye behewa la mizigo, mimi nikaingia daraja la tatu, tukaondoka.

Alasiri nilishuka Dar es Salaam. Mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kupiga mjini na njia za Kariakoo zilikuwa mchanga uliolowa, mzuri kutembea. Nilifikia kwa Shangazi Tatu, dada yake marehemu baba, aliyepangisha chumba katika nyumba ya vyumba sita upande wa Msimbazi. Nilimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona na baiskeli? Umeiiba au imekushinda?"

Nikamweleza habari ya mguu. Aliacha ungo, akasikiliza mpaka mwisho. "Kesho nenda kwa Mzee Nasoro, yule Mwarabu wa karibu na soko. Tairi za kila namna anazo. Na barazani kwake yupo fundi, Maganga, Mnyamwezi. Mdomo wake hauna breki, lakini baiskeli anazijua."

"Mnyamwezi? Mtani wangu huyo!" nikasema, nikacheka tayari.

"Ni mtani wako, ndiyo. Lakini umekuja kununua," akasema shangazi, akarudi kwenye mchele wake.

Siku ya pili, saa mbili asubuhi, nilikuwa mbele ya duka. Mzee Nasoro alikuwa ndani nyuma ya meza yake, mtu wa maneno machache, kofia ya viua na miwani. Tairi zilining'inia darini, na chini ya baraza alikaa Maganga katikati ya spoku, tyubu na sufuria ya maji ya kutafutia matundu. Pembeni walikuwepo watu watano au sita wa kupiga soga, wasio na baiskeli wala haja ya baiskeli. Nilipofungua mdomo kumsalimu Mzee Nasoro, Maganga alininyaka kwa lafudhi.

"Aa! Mzaramo huyu! Nani kakufungulia kamba leo?"

"Mnyamwezi," nikajibu, "mzigo umeutua wapi? Au msafara umekuacha?"

Baraza likaangua kicheko. Kwa wasiojua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu babu za Wanyamwezi waliposhuka pwani na pembe za ndovu vichwani. Mtani anakutukana humkasirikii, anachukua chako humshitaki, na kwenye msiba wako atakuja kukuchekesha mpaka usahau kulia. Maganga alikuwa ameweka muhogo wa kuchoma juu ya kipande cha gazeti. Niliuchukua, nikaula wote, na yeye akapiga kelele kwamba njaa ya Uzaramo imefika mjini. Tulikuwa tunakwenda vizuri.

Akaipindua baiskeli juu chini, akalizungusha gurudumu. Kisha akachukua bisibisi, akakwangua udongo uliogandia ndani ya madigadi, yale mabati ya kukinga tope juu ya magurudumu, udongo wa masika ya mwaka uliopita. Akausaga viganjani, akaulowesha kwa maji ya sufuria, akausokota ukawa kama kamba, haukukatika. Yote haya niliyaona. Nilikuwa natafuna muhogo.

"Udongo wa wapi huu?"

"Wa mbugani kwetu."

"Na unabeba nini?"

"Mama mkwe wangu, mpaka stesheni. Mgonjwa."

"Mkwe juu ya keria! Wazaramo mmekwisha kabisa!" Watu wakacheka. Yeye akanyoosha mkono akateremsha tairi mbili nyembamba, zenye mistari iliyonyooka, za bei ndogo kuliko zote pale dukani. "Chukua hizi. Zile nene ni za wenye barabara zao. Tope la kwenu lina ulafi kama nyinyi wenyewe, ukiliingizia tairi nene litajaa kwenye uma unaoshika gurudumu mpaka ligome, ukae hapo na mkweo mnatazamana. Nyembamba inakata mpaka chini kwenye ugumu, na tope linapata pa kutokea. Mtu mwembamba, tairi nyembamba, bei nyembamba. Zinakutosha, Mzaramo."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno nililisikia kama tusi la mtani. Niliona ananiambia kwamba mimi ni mkata, siwezi zaidi ya kitu rahisi. Na watu wa baraza walikuwa wananitazama nijibu.

Nikanyoosha kidole kwenye tairi nene, zenye vinundu vikubwa, za bei ya juu. "Nipe zile. Mimi ni mtu wa dawa, si hamali. Nyie mliozoea kwenda kwa miguu kutoka Tabora mtajua nini habari ya tairi?"

Kicheko kikanishangilia. Mzee Nasoro alitazama juu ya miwani. "Fundi kasema nyembamba," akasema taratibu.

"Fundi ananitania, mzee. Mimi na yeye tunajuana."

"Haya. Mteja kasema. Mfungie."

Maganga akafunga. Tairi ya nyuma ilikataa kuingia mpaka alipovipinda vyuma vya madigadi kuipatia nafasi, na ilipokaa, kati yake na uma kidole hakikupita. Akanitazama, na safari hii hakucheka. "Mtani, basi walau haya madigadi yavue uyaache."

"Ili uyaibe!" nikasema, na hilo ndilo lililochekesha kuliko yote. Ninavisikia vicheko vile hadi leo. Vilinipendeza kama mtoto anayepigiwa makofi.

Adhuhuri nilijiona mwerevu zaidi, nikasema siondoki bila kuzijaribu. Nikateremka hadi bondeni Msimbazi, maji yalikopungua, nikaingia na baiskeli topeni. Ilipita bila kusita, na nyuma yangu iliacha alama za vinundu zilizopangika vizuri. Nikageuka nikapita tena. Sikujiuliza kama tope la Msimbazi, lenye mchanga ndani yake, ndilo tope letu. Ningechukua dakika moja kuliinua na kulisokota mkononi kama alivyofanya Maganga, ningeliona linamomonyoka. Mimi niliosha baiskeli, nikarudi kwa Shangazi Tatu kumwambia kuwa Wanyamwezi hawajui kitu.

"Alikwambia ununue hizo?" shangazi aliuliza.

"Alisema nyingine. Alikuwa anatania."

Shangazi akanipakulia wali.

Siku ya tatu nilipanda gari la moshi la asubuhi na saa sita nikawa Soga. Mvua ilikuwa haijafika huku. Nilipanda baiskeli yangu, nikaivuka mbuga kavu kwa mbio, vinundu vikinguruma juu ya udongo mgumu, nikaingia kijijini nikipiga kengele bila sababu. Mlikuwepo, mliniona. Bi Mwanaidi alimtuma Zena aje mlangoni azitazame tairi, kisha akatuma salamu: mkwe wangu amefanya kazi ya mtoto wa kumzaa. Tukakubaliana kuondoka kesho yake mapema, ili tuwahi gari la saa nne.

Usiku ule masika yakaanza.

Siku ya nne, kabla ya jua, mvua ilikuwa imekatika. Bi Mwanaidi alikaa kwenye keria, kajifunika kanga mbili mpaka machoni, mguu wake umefungwa jani la mgomba. Nilisukuma nikitazama mbele kama tulivyopatana. Mpaka ukingoni mwa mbuga mambo yalikuwa sawa. Tuliingia mbugani, na hatua kama hamsini hivi gurudumu la nyuma likawa zito. Hatua sitini, likasimama.

Nikachuchumaa nikalichokoa tope kwa kijiti. Tukaenda hatua ishirini, likajaa tena. Vinundu vile nilivyovilipia vilikuwa vinazoa udongo na kuupeleka moja kwa moja kwenye uma na madigadi, ukashindiliwa humo kama udongo wa kukandika nyumba. Nikachokoa tena. Nikajaribu kung'oa madigadi kwa mikono, nikajikata. Kisha la mbele nalo likagoma. Baiskeli haikusukumika wala kuburutika, na jua lilikuwa linapanda. Mama mkwe wangu alikuwa bado juu ya keria, na hakuna adabu inayomfundisha mtu la kusema katika hali ile.

Nilifikiri kurudi kuita watu wa machela. Ningepoteza siku. Nilifikiri kumwacha na kukimbilia stesheni. Hatimaye niligeuka, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama usoni tangu nioe.

"Mama," nikasema, "nisamehe. Panda mgongoni."

Alitazama mbuga upande huu na upande ule. Kulikuwa na wanawake wanapanda mpunga pembeni, wamesimama wote, wanatutazama. Akavuta kanga ikamfunika uso wote, akanishika mabegani. Aliponilalia mgongoni nilihisi anatetemeka, na sikujua kama ni homa au ni aibu. Yangu nilijua ni nini. Nilitamani mbuga ipasuke kama ilivyokuwa kavu, inimeze na baiskeli yangu.

Nilimbeba mbuga nzima. Tope lilinifika magotini. Mguu wake ulining'inia ubavuni kwangu, na jani la mgomba lilipodondoka nikauona kwa macho yangu mguu niliokuwa nautibu kwa masikio. Si kidole kimoja tu kilichokuwa kimegeuka rangi. Zena hakukosea kunieleza. Ulikuwa umeendelea siku nilizokuwa Kariakoo.

Katikati ya mbuga akasema, kwa sauti ndogo nyuma ya sikio langu, "Huko dukani hapakuwa na mtu wa kukuambia?"

Ningeweza kusema hapakuwa na mtu. Nadhani ningesema hivyo kama asingekuwa mgongoni kwangu.

"Alikuwepo, mama. Aliniambia mara mbili. Watu walikuwa wanacheka, nikataka wanichekee mimi."

Tulipofika nchi kavu aliomba nimteremshe, akatembea mwenyewe kwa fimbo hatua zilizobaki mpaka stesheni, ili watu wa pale wasituone. Gari la saa nne lilikuwa limeondoka zamani. La pili lilikuwa kesho yake. Tukasubiri kwenye banda la mizigo, yeye pembe hii, mimi pembe ile.

Siku ya tano jioni alilazwa mjini. Kesho yake asubuhi daktari alimkata vidole vitatu. Nilikuwa nje ya mlango, mahali nilipozoea. Daktari akatoka akaniuliza mbona mtu wa dawa kama mimi nimechelewa, mgonjwa angefika siku moja kabla, huenda angemkata kimoja tu. Nikasema njia ilikuwa mbaya.

Kabla ya kurudi nilikwenda barazani kwa Mzee Nasoro, kwa miguu. Nilitaka Maganga anitukane mbele ya wale wale. Nilikuwa nimejiandaa, nilitaka kila tusi. Nikamweleza yote, mpaka habari ya kumbeba mkwe mgongoni, ambayo kwa mtani ni karamu ya miaka kumi. Watu wa baraza wakamtazama yeye.

Maganga aliweka chini bisibisi. "Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Anaendeleaje?"

Hakutania. Mtani wangu alinihurumia kama mtu baki, na hapo ndipo nilipolia. Aliteremsha tairi mbili nyembamba na, akizifunga kwa kamba nizibebe, alinielekeza polepole kama mtu anayemweleza mgeni: kwanza shika udongo wa njia yako; ukisokoteka bila kukatika, chagua tairi nyembamba yenye mistari iliyonyooka, uache nafasi ya vidole viwili kati yake na uma, uvue madigadi mpaka masika yaishe, upunguze upepo kidogo. Udongo ukimomonyoka kama wa Msimbazi, nene itakufaa. Bei isikutishe wala isikupe kichwa. Nimefuata hayo tangu siku ile, na baiskeli ya dispensari haijalala mbugani tena. Na mtu akinitania siku hizi, nikisha kucheka hurudi nyumbani nikafikiri alichosema. Wengi wenu mmeniuliza kwa nini nimekuwa mpole, sababu ni hiyo.

Bi Mwanaidi alirudi baada ya wiki sita. Wanawake wa mpunga walikuwa wameyasema waliyoyaona, na watu walikuja kumpa pole na kumchunguza. Nilikuwa uani nikisikia. Mtu akauliza, kwani ilikuwaje hata mkachelewa gari? Nikangoja jina langu.

"Ni ukaidi wangu," akasema. "Kijana aliniamsha mapema, mimi nikang'ang'ania kumaliza uji wangu. Baiskeli ilikuwa nzima kabisa."

Amelisema hilo kwa kila anayeuliza, mwaka wa tatu sasa, na mimi nimekaa kimya kila mara. Basi mkikutana naye njiani na fimbo yake, akianza habari ya uji, msimkatize, maana ni mkubwa wenu. Ila mjue kwamba ni uongo, hakunywa uji wowote asubuhi ile, na uongo huo anausema kwa ajili yangu.